Picha safi si ushahidi kwamba kichujio kipo: mionzi ya eksirei inavyozalishwa na kuchujwa

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa radiografia, mwaka wa pili. Nikiweka kV (kilovolti) 80 kwenye mashine, je, mionzi yote inayotoka ina nishati hiyo hiyo ya 80? Na kama bomba linapata taabu yote ile kuizalisha, kwa nini tunaiwekea bati la alumini mbele yake kuizuia? Nauliza kwa sababu kolimeta (kile kisanduku chini ya bomba kinachobana uwanja wa mionzi) ya mashine tunayojifunzia ilifunguliwa kwa matengenezo, nikawa na wasiwasi kama bati hilo, yaani kichujio, lilirudishwa. Wenzangu wanasema picha zinatoka safi kama zamani, kwa hiyo hakuna shida. Ni kweli?"

Jibu

Naanzia mwisho wa swali lako, maana hapo ndipo penye hatari. Si kweli. Kichujio kikisahaulika kwenye meza ya fundi, picha zitatoka safi vilevile. Anayeumia ni mgonjwa, kwenye ngozi na nyama za juu juu, na hatahisi kitu. Ili uone kwa nini picha inanyamaza, tuifuate elektroni kuanzia inapotoka hadi fotoni, yaani chembe ya mionzi, inapomfikia mgonjwa.

Bomba la eksirei ni chupa ya kioo, au ya chuma na kauri, iliyonyonywa hewa yote. Upande mmoja kuna kathodi, na ndani yake filamenti: uzi wa tungsteni wenye kipenyo cha milimita 0.2 hivi, uliosokotwa kama springi isiyozidi sentimita 1 kwa urefu. Umeme wa ampea 3 hadi 6 ukipita humo, uzi huwaka hadi kuvuka nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, na elektroni huanza kuchomoka kwenye uso wake. Tungsteni hiyo huchanganywa na thoriamu kidogo, asilimia 1 hadi 2, ili elektroni zitoke kwa urahisi na uzi udumu zaidi. Mabomba mengi yana filamenti mbili, fupi na ndefu. Ile fupi hutoa doa dogo la mionzi, kwa mfano milimita 0.6, kwa ajili ya viungo vidogo kama vidole. Ndefu hutoa doa la milimita 1.0 au 1.2 kwa sehemu nene zinazohitaji mionzi mingi. Zote zimekaa ndani ya kikombe cha chuma chenye chaji hasi, ambacho kazi yake ni kuzibana elektroni zisitawanyike njiani.

Ukichagua mA kwenye paneli, unachobadilisha hasa ni joto la uzi huo. Uzi ukipata joto zaidi, elektroni zaidi huvuka. Miliampea 1 tu ni elektroni trilioni 6,240 kila sekunde, nasi tunapiga kwa mamia ya miliampea. Hapa kuna tabia moja ya kuacha mapema. Kitufe cha kupigia kina hatua mbili: ya kwanza hupandisha joto la filamenti kutoka hali ya kungoja hadi joto kamili na kuanzisha mzunguko wa anodi, sahani iliyo upande wa pili wa bomba; ya pili ndiyo hupiga. Wapo wanaoishikilia hatua ya kwanza huku wakimwelekeza mgonjwa avute pumzi, ageuke kidogo, asimame wima. Muda wote huo tungsteni inageuka mvuke na kujipaka kwenye kuta za ndani za chupa kama masizi yanayong'aa. Uzi unakonda hadi ukatike. Ule utando nao unazuia sehemu ya mionzi, na ukizidi unakuwa njia ya umeme kuruka, jambo linaloweza kulimaliza bomba kabisa. Mwelekeze mgonjwa kwanza, kisha ubonyeze.

Sasa kV. Kati ya kathodi na anodi kuna nafasi ya sentimita chache tu, na jenereta huweka juu yake tofauti ya volti 80,000. Elektroni inayovuka hapo inafika upande wa pili ikiwa na nishati ya kiloelektroni-volti 80 (keV 80), na kasi yake ni karibu nusu ya kasi ya mwanga. Katika mashine za zamani za fezi moja, volti hiyo ilipanda na kushuka kama wimbi, kutoka sifuri hadi kilele na kurudi, kwa hiyo elektroni nyingi zilivuka wakati volti iko chini na kuzaa mionzi dhaifu. Jenereta za leo za masafa ya juu huishikilia volti karibu na kilele muda wote wa mpigo. Ndiyo sababu kV 80 ya mashine mpya hutoa mionzi yenye nguvu kuliko kV 80 ya mashine ya zamani, na jedwali la mipigo lililonakiliwa kutoka mashine moja kwenda nyingine huwa linamponza mtu.

Anodi ni sahani inayozunguka. Uso wake ni tungsteni iliyochanganywa na reniamu, asilimia 5 hadi 10, na mgongo wake ni molibdeni au grafiti. Tungsteni ilichaguliwa kwa sababu mbili: kiini cha atomi yake kina protoni 74, na namba hiyo ikiwa kubwa mionzi huzalishwa kwa wingi zaidi, tena haiyeyuki hadi nyuzijoto 3,422. Sababu ya pili ni nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa bomba la eksirei kwa hakika ni kiwanda cha joto kinachotoa mionzi kidogo pembeni. Kwa kV 80, zaidi ya asilimia 99 ya nishati ya elektroni huishia kuwa joto. Piga hesabu: kV 80 kwa mA 400 ni kilowati 32. Hizo ni hita 16 za kilowati 2 kila moja, zote zimeelekezwa kwenye doa la milimita chache. Sahani isipozunguka, doa hilo linayeyuka kabla mpigo haujaisha. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika mpigo wa sekunde 0.1 inakuwa imekamilisha mizunguko 5, na joto linatandazwa kwenye mduara mzima badala ya kukaa mahali pamoja. Mashine kubwa huizungusha mara 9,000 au zaidi.

Uso unaopigwa umeinamishwa, mara nyingi kwa digrii 12 hadi 16, ili kupata faida mbili kwa pamoja. Elektroni zinatua kwenye eneo lenye urefu wa, tuseme, milimita 5, lakini ukilitazama kutoka upande wa mgonjwa kwa pembe ya digrii 12, eneo hilo linaonekana kama milimita 1 tu. Joto linapata nafasi pana, picha inapata doa dogo. Gharama ya mwinamo huu ni kwamba miali inayotoka upande wa anodi hupita kwenye tungsteni nyingi zaidi kabla haijatoka nje, kwa hiyo upande huo wa uwanja una mionzi hafifu kuliko upande wa kathodi. Tumia hilo: upande wa kathodi uelekezwe kwenye sehemu nene ya mwili. Kwa uti wa mgongo wa kifua, hapo ni chini kwenye tumbo, si juu shingoni.

Turudi kwenye ile asilimia isiyofika 1 inayogeuka mionzi, maana ndimo lilimo jibu la swali lako la kwanza. Elektroni ikipita karibu na kiini cha tungsteni, inavutwa, inapinda njia na kupunguza mwendo. Nishati iliyopotea katika kupunguza huko inatoka kama fotoni ya eksirei. Hii ndiyo mionzi ya breki. Breki ikikanyagwa kidogo, fotoni ni dhaifu; ikikanyagwa kwa nguvu, fotoni ni kali; ikikanyagwa hadi elektroni isimame papo hapo, fotoni moja hubeba keV 80 zote. Tukio hilo la mwisho ni nadra mno. Mara nyingi elektroni hupita mbali na kiini, hupoteza kidogo hapa na kidogo pale, huku ikizidi kuzama kwenye chuma na kuchoka. Kwa hiyo kV 80 uliyoweka ni dari tu. Chini yake kuna mchanganyiko wa fotoni za kila nishati, na zile dhaifu ndizo nyingi kuliko zote.

Kuna chanzo cha pili. Elektroni inayoingia inaweza kuing'oa elektroni ya tabaka la ndani kabisa la atomi, na ya tabaka la juu ikishuka kuziba pengo, fotoni ya nishati maalumu hutoka: keV 58, 59 na 67 hivi kwa tungsteni. Hii huitwa mionzi bainifu, kwa kuwa kila elementi ina namba zake. Ili kuing'oa elektroni ya ndani inahitajika keV 69.5, kwa hiyo ukipiga kwa kV 65 hutapata hata fotoni moja ya aina hii. Kwa kV 80 zipo, ila ni sehemu ndogo ya mionzi yote.

Wastani wa nishati ya mionzi inayomfikia mgonjwa, baada ya kuchujwa, huwa kati ya theluthi moja na nusu ya ile kV uliyoweka. Kwa hiyo ukisoma 80 kwenye paneli, kichwani mwako fikiria 40 hivi.

Sasa bati la alumini. Hapa nataka tuhesabu fotoni, maana maneno peke yake hayamshawishi mtu. Chukua tumbo la unene wa sentimita 20 na ulichukulie kama maji, kwa kuwa nyama laini inazuia mionzi karibu sawa na maji. Tuma fotoni milioni 10 za keV 20. Inayotokea upande wa pili bila kuguswa ni moja tu, au hata hiyo isitokee. Zile nyingine zote zimeishia mwilini, nyingi katika sentimita chache za kwanza. Tuma fotoni za keV 30: katika kila 1,800 anavuka mmoja hivi. Tuma za keV 60: katika kila 1,000 zinavuka 16. Hizi ndizo zinazochora picha. Zile za keV 20 hazikuwa na safari ya kufika. Zilikuja kuchoma ngozi tu.

Weka sasa milimita 2.5 za alumini kabla ya mgonjwa. Katika fotoni 100 za keV 15, haivuki hata moja. Ukihesabu 200 utaambulia moja kwa shida. Za keV 20 zinavuka 10 katika 100. Za keV 30 zinavuka 47. Za keV 60 zinavuka 83. Umeona biashara hiyo? Tumetoa 17 katika 100 ya fotoni zenye kazi, tukaondoa 90 katika 100 ya zile zilizokuwa za kuumiza tu. Alumini inaweza kubagua namna hii kwa sababu uwezo wa atomi zake kuzimeza fotoni hushuka kwa kasi sana nishati inapopanda: nishati ikizidishwa mara mbili, umezaji huo hupungua karibu mara nane.

Na hapo hapo ndipo penye jibu la kwa nini picha inanyamaza. Kipokezi cha picha kipo nyuma ya mgonjwa. Fotoni za keV 15 na 20 hazikifikii, kichujio kiwepo kisiwepo, kwa hiyo kipokezi hakina namna ya kukujulisha kwamba zimeongezeka. Kichujio kikitolewa, kipokezi kinapata fotoni nyingi zaidi kidogo, na kama unatumia mfumo wa kujizima wenyewe, ule unaokata mpigo mionzi ikitosha, mashine itapunguza mAs (mA mara sekunde za mpigo) kidogo na mambo yataendelea. Wewe utaona picha ileile, mAs imeshuka, na unaweza hata kufurahi. Ngozi ndiyo inayolipa. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa la uzito kuliko hitilafu nyingi zinazoharibu picha. Picha ikiharibika, kila mtu anapiga kelele siku hiyo hiyo.

Usidhani kichujio ni lile bati peke yake. Mionzi huanza kuchujwa ndani ya bomba lenyewe: kioo, mafuta ya kupooza na dirisha la kutokea. Hivi kwa pamoja ni sawa na alumini ya milimita 0.5 hadi 1. Tazama kibandiko cha bomba, utaona maandishi kama "0.7 Al / 75", maana yake bomba hilo peke yake huchuja sawa na milimita 0.7 za alumini, zikipimwa kwa kV 75. Kioo cha kujionea kilicho ndani ya kolimeta, kile kinachoakisi taa, huongeza kiasi chake, mara nyingi karibu milimita 1. Kinachobaki hujazwa kwa bati. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba jumla isipungue milimita 2.5 za alumini kwa mashine inayopiga zaidi ya kV 70, na milimita 1.5 kwa mashine za meno zisizovuka kV 70. Kwa hiyo fundi akibadilisha kioo cha kolimeta kwa kingine chembamba, amepunguza uchujaji hata kama bati lipo mahali pake. Hili husahaulika kuliko bati lenyewe.

Mbona basi tusiweke milimita 10 tukamaliza? Kwa sababu faida inapungua kila milimita inayoongezwa. Milimita za kwanza zinaondoa takataka. Zinazofuata zinaanza kula fotoni za kazi, na ili kuzifidia inabidi mAs ipande: anodi inapata joto zaidi, mpigo unarefuka, mgonjwa anatikisika, picha inapata ukungu. Zaidi ya hayo, mionzi ikibaki kali tupu, mfupa na nyama hukaribiana rangi na utofauti wa picha hufifia.

Shaba ni jambo la kulizungumzia kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kolimeta nyingi za sasa zina gurudumu la vichujio vya ziada: milimita 0.1, 0.2 na 0.3 za shaba. Milimita 0.1 inaonekana si kitu, unene wa karatasi, lakini namba ya atomi ya shaba ni 29 na ya alumini ni 13, tena ni nzito zaidi ya mara tatu. Karatasi hiyo huruhusu fotoni 5 tu katika 100 za keV 20, 38 za keV 30, 65 za keV 40 na 87 za keV 60. Kwa watoto ni kitu kizuri sana. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 1996 kuhusu eksirei za watoto ulishauri kuongeza milimita 1 ya alumini pamoja na milimita 0.1 au 0.2 za shaba. Mwili wa mtoto ni mwembamba, mAs inayohitajika ni ndogo, kwa hiyo bomba lina nafasi ya kufidia bila mpigo kurefuka.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni mpangilio. Shaba ikipigwa na mionzi hutoa mionzi yake bainifu ya keV 8, dhaifu kabisa, inayoishia kwenye ngozi. Kwa hiyo shaba hukaa upande wa bomba, na alumini upande wa mgonjwa kuimeza hiyo keV 8. Mtu akitengeneza kichujio cha mkononi na kukigeuza, anaharibu nusu ya kazi. La pili ni kusahau. Umempiga mtoto ukiwa na shaba ya 0.2, halafu anaingia mtu mzima mnene wa kupigwa kiuno kwa pembeni. Gurudumu halijarudishwa. Mashine inarefusha mpigo kadiri inavyoweza, na picha inatoka imetikisika au ina chengachenga. Watu hulaumu kipokezi, kumbe ni shaba. Ukishaweka shaba, kinachotakiwa kuongezwa ni mAs, si kV. Ukipandisha na kV unaondoa utofauti mara mbili, kwa kichujio na kwa volti.

Usihamishe haya yote kwenda kwenye mashine ya matiti. Kule tishu ni laini tupu na picha inategemea fotoni dhaifu, keV 17 hadi 20, zile zile tunazozifukuza kwenye tumbo. Dirisha la bomba huwa la berili, ambayo karibu haizuii kitu, na vichujio huwa karatasi za mikromita: molibdeni ya mikromita 30, metali ya rodi ya 25 kwa anodi ya molibdeni, au rodi ama fedha ya 50 kwa anodi ya tungsteni. Karatasi hizi zina tabia ya kupendeza: molibdeni huzimeza fotoni dhaifu, hulegea kadiri nishati inavyopanda, kisha ghafla kwenye keV 20 humeza kwa nguvu tena. Matokeo yake huacha uwazi mwembamba unaopitisha hasa mionzi bainifu ya molibdeni yenyewe, keV 17.5 na 19.6, na kukata ya juu na ya chini. Karatasi hiyo ikitoboka au kukunjamana, kipande cha uwanja hupata mionzi tofauti na kivuli huonekana kwenye picha.

Na usichanganye kichujio na gridi. Kichujio kipo kabla ya mgonjwa na kinachagua fotoni za kuingia mwilini; gridi ipo baada yake na inazuia miali iliyotawanyika isikifikie kipokezi. Gridi huongeza dozi ili picha ipendeze. Kichujio huipunguza.

Tufike kwenye kupima. Huhitaji kufungua kolimeta kujua kama uchujaji unatosha. Unahitaji kipimadozi, mabati ya alumini safi ya asilimia 99.9 yenye unene wa milimita 1 kila moja, na nusu saa. Kinachotafutwa ni unene-nusu, yaani unene wa alumini unaopunguza mionzi hadi nusu yake. Usiuchanganye na unene wa kichujio chenyewe, kosa ambalo hata waliobobea hulifanya wakisoma ripoti haraka. Unene-nusu unasema mionzi ni kali kiasi gani baada ya vichujio vyote.

Zima mfumo wa kujizima wenyewe, weka kV 80 na mAs ya kudumu, kwa mfano 50. Toa shaba yote kwenye gurudumu. Kipimadozi kikae kama mita 1 kutoka kwenye doa, na kiinuliwe angalau sentimita 30 juu ya meza ili miali inayorudi kutoka mezani isikidanganye. Bana uwanja hadi ukifunike kipimadozi kwa shida. Mabati yawekwe katikati ya safari, si juu ya kipimadozi. Piga mara tatu bila bati, chukua wastani. Kisha ongeza bati moja moja ukipiga kila hatua, hadi uvuke nusu. Malizia kwa kurudia mpigo usio na bati; ukitofautiana na wa mwanzo kwa zaidi ya asilimia 2, kitu kimesogea, anza upya.

Tuseme umepata miligrei 4.00 bila bati, 2.52 kwa milimita 2, 2.06 kwa milimita 3 na 1.71 kwa milimita 4. Nusu ya 4.00 ni 2.00, na iko kati ya milimita 3 na 4. Logi ya 2.06 gawanya kwa 2.00 ni 0.0296, logi ya 2.06 gawanya kwa 1.71 ni 0.186; hizo ni logi asilia. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.16. Unene-nusu ni milimita 3.16. Kwa kV 80, viwango vya kimataifa kwa mashine mpya hudai usipungue milimita 2.9, mashine za kizazi cha zamani zilikubaliwa kwa 2.3. Mashine hii imepita. Angalia kanuni za mamlaka ya mionzi ya nchi yako kabla ya kusema imepita rasmi.

Namba ikitoka chini, usikimbilie kusema kichujio hakipo. Pima kwanza kV yenyewe. Mashine inayoonyesha 80 kumbe inatoa 70 itakupa unene-nusu mdogo hata kama vichujio vyote vipo. KV ikiwa sahihi na namba bado iko chini, hapo kichujio au kioo cha kolimeta kina kasoro, na mashine isimguse mgonjwa hadi irekebishwe. Namba ikitoka juu isivyo kawaida, tazama kama shaba imebaki kwenye gurudumu. Kama haipo, shuku umri wa bomba: utando wa tungsteni kwenye kioo, au uso wa anodi ulioparuzika hadi mionzi inatokea kwenye mashimo na kuchujwa na kingo zake. Dalili ya kuthibitisha ni dozi kwa kila mAs: katika bomba lililochoka unene-nusu hupanda huku dozi ikishuka. Kichujio kikikosekana, ni kinyume chake: unene-nusu unashuka, dozi inaruka juu.

Kuhusu anodi kuparuzika, mara nyingi chanzo ni mpigo mzito wa kwanza asubuhi. Tungsteni baridi ni kavu na huvunjika. Ikipata kilowati nyingi ghafla, uso unapanuka kuliko mgongo na sahani inapasuka. Fuata jedwali la kupasha moto la mtengenezaji wa bomba: mipigo michache ya nguvu ndogo, yenye nafasi kati yake, kila mashine inapokaa saa kadhaa bila kazi. Na sikiliza rota, mota inayoizungusha anodi. Ikianza kulia kama beringi kavu, au ikichelewa kufikia mwendo, mwite fundi kabla haijakwama.

Kwa mashine yenu, basi, usiishie kwa wenzako. Mweleze msimamizi wako kwamba kolimeta ilifunguliwa, na uombe mtaalamu wa fizikia ya tiba au fundi mwenye kibali apime unene-nusu kwa kV 80 kabla kazi haijaendelea. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la mashine pamoja na tarehe, kV, mAs, umbali wa kipimadozi na dozi isiyo na bati. Ile namba ya mwisho itunze vizuri. Safari ijayo kolimeta ikifunguliwa, mpigo mmoja tu kwa vipimo vilevile utakuambia ndani ya dakika 5 kama kuna kitu kimebaki kwenye meza ya fundi.